Kadi Mpya, Prosesa ya 2017: Nani Anamchelewesha Mwenzake?

Hoja iliyo mezani: kompyuta ya gemu iliyounganishwa mwaka 2017, yenye prosesa ya Ryzen 5 1600, bodi ya B350 na RAM ya DDR4 ya GB 16. Kadi yake ya zamani ya grafiki, GTX 1060, imeshauzwa, na nafasi yake imeshikwa na RTX 3060 ya mtumba. Je, prosesa nayo ibadilishwe ili iendane na kadi? Wanajibizana fundi, muuzaji wa vipuri, na wachezaji wawili wasiopenda gemu za aina moja.

FUNDI: Ibadilishwe. Katika kila fremu prosesa ndiyo inayotangulia. Inakokotoa nani yuko wapi, risasi imegonga nini, gari limepinda vipi, kisha inaipa kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kadi haichori kitu ambacho haijaagizwa. Kwenye kibanda cha chipsi, mkaangaji awe hodari namna gani, mmenya viazi akiwa na kisu butu karai litachemka tupu. RTX 3060 juu ya Ryzen 5 1600 inasubiri viazi.

MCHEZA HADITHI: Inasubiri katika gemu zipi, Fundi? Zitaje. Mtu anayecheza Red Dead Redemption 2 kwenye skrini ya hezi 60 anataka fremu 60 kwa sekunde, basi. Zinazozidi hapo skrini yake haiwezi kuzionyesha. Prosesa hii ina viini sita na nyuzi kumi na mbili. Katika gemu nyingi za masimulizi inafika huko au inakaribia, na vivuli na miale ya mwanga vikipandishwa juu, anayehema ni kadi. Huyo ukimuuzia prosesa umemuuzia namba ya kuwaonyesha marafiki.

MCHEZA MASHINDANO: Mwenye hezi 60 akae na hezi 60 zake. Kwenye Counter-Strike 2 hali ni nyingine. Huku skrini ni ya hezi 144, na karibu kila mtu ameshusha grafiki ili aone adui vizuri, kwa hiyo kadi inapiga miayo na mzigo wote uko kwa prosesa. Kwa fremu 60, kila moja inakaa milisekunde 16.7. Kwa fremu 144 inakaa 6.9. Ubaya ni kwamba prosesa dhaifu haiporomoki ukiwa umesimama peke yako ukutani. Inaporomoka moshi ukitupwa na watu watano wakiingia kwa pamoja, yaani sekunde ile ile unayoihitaji.

MCHEZA HADITHI: Na seva ziko wapi, kaka? Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi anajikuta Johannesburg au Dubai. Milisekunde kumi unazozinunua kwa prosesa zinamezwa na safari ya intaneti.

MCHEZA MASHINDANO: Hazimezwi, zinajumlishwa. Umbali wa Johannesburg ni wa kila aliye mjini, tajiri na maskini, na hakuna duka linalouza dawa yake. Kuchelewa kwa mashine ni kwangu peke yangu. Halafu picha inayokwama-kwama haitokani na intaneti hata kidogo. Cheza na roboti bila mtandao, bado itakwama.

MUUZAJI: Mnagombania kiti kwenye basi lililofika mwisho wa safari. Ryzen ya kwanza ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa kwa upande wa gemu: viini sita vimegawanywa makundi mawili ya vitatu, kila kundi na megabaiti 8 za kumbukumbu ya akiba, na kundi likitaka kuzungumza na jingine kuna ucheleweshaji. Hiyo ni teknolojia ya 2017. Soketi ya AM5 ipo tangu 2022, inatumia DDR5, na AMD wenyewe wamesema wataihudumia hadi 2027 na kuendelea. Mteja abadilishe vitatu kwa mpigo, bodi, RAM na prosesa, akae miaka. Ryzen 5 7600 ilipotoka Januari 2023 ilikuwa dola 229 tu.

FUNDI: Dola 229 ni ya prosesa peke yake, bwana. Bodi hujaitaja, na RAM umeipita mbio kama mtu anayedaiwa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa kwa sababu viwanda vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, vinapeleka uzalishaji kwenye seva za akili mnemba. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana kabisa na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Leo mwenye GB 16 za DDR4 zinazofanya kazi ana mali ndani ya boksi lake. Unamwambia aitupe?

MUUZAJI: Aiuze. DDR4 nayo imepanda.

FUNDI: Aiuze, kisha anunue DDR5 kwa bei iliyopanda zaidi, na bodi juu yake. Kwa soketi hiyo hiyo ya AM4 aliyonayo kuna Ryzen 5 5600. Ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199, nayo ina viini sita katika kundi moja, vyote vikichota megabaiti 32 za akiba. Kasoro uliyoieleza vizuri hivyo imeondolewa, na bodi haijaguswa.

(Ni nadra kwa soketi ya kompyuta kuishi hivyo. AM4 ilianza 2016, na miaka sita baadaye bado ilikuwa ikipokea prosesa mpya. Upande wa pili, Intel ilipotoa kizazi cha 8 mwaka 2017 ilibakisha jina la soketi, LGA1151, lakini ikadai bodi mpya. Wapo waliokwenda dukani na bodi za Z270 wakiamini jina.)

MCHEZA HADITHI: Haya, tuseme 5600. Faida yake ni kiasi gani? Na usiseme "itakuwa tofauti kabisa."

FUNDI: Kwa hesabu za AMD wenyewe, kazi inayofanyika katika kila mpigo wa saa iliongezeka kwa takriban asilimia 3 kutoka kizazi cha kwanza kwenda cha pili, asilimia 15 kwenda cha tatu (Zen 2), na asilimia 19 kwenda Zen 3, ambacho ndicho cha 5600. Zizidishe, ni kama asilimia 41. Kasi ya juu kabisa imetoka gigahezi 3.6 hadi 4.4. Ukizidisha tena unapata karibu asilimia 70. Na umeme hauongezeki kwa makadirio, zote mbili zimeandikwa wati 65. Mita ya LUKU haitajua kama prosesa imebadilishwa.

MCHEZA HADITHI: Asilimia 70 ya karatasi, kutoka kwa anayeuza. Kama kadi ndiyo iliyofika kikomo, asilimia 70 ya prosesa inazaa sifuri kwenye skrini. Hapo tunakubaliana au hatukubaliani?

FUNDI: Tunakubaliana. Ndiyo maana kuna kipimo, na hakigharimu shilingi. Fungua gemu yako mahali inapokusumbua, andika fremu. Shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p, usiguse kitu kingine, andika tena. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo kizuizi. Ila msidanganywe na ile asilimia ya jumla ya matumizi ya prosesa. Mashine ya nyuzi kumi na mbili inaweza kuonyesha asilimia 40 huku uzi mmoja umejaa pomoni, na gemu inaungojea huo mmoja.

MCHEZA MASHINDANO: Na wale wanaowasha DLSS wakitegemea muujiza?

FUNDI: DLSS inachora kwa resolusheni ndogo kisha inaikuza picha, kwa hiyo inampunguzia kazi yule ambaye hana kazi. Kama prosesa ndiyo iliyobanwa, utaiwasha na usione kitu. Teknolojia za kutengeneza fremu za katikati, kama FSR 3, zinaongeza namba kwa kuwa kadi inajichorea bila kuagizwa, lakini mkono wako kwenye kipanya haupati wepesi wowote.

MCHEZA HADITHI: Nakipokea kipimo, lakini kinakosa hatua iliyotangulia. Mashine ya 2017 imekula vumbi tangu 2017. Pesti ya joto chini ya feni imekauka, chumba kina nyuzijoto 32, prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue, halafu mwenyewe anaambiwa imezeeka. Wengine wana RAM ya kipande kimoja badala ya viwili. Wengine wamenunua RAM ya 3000 lakini hawajawasha XMP, inakwenda 2133 tangu siku ya kwanza, na Ryzen za zamani zinateseka sana na RAM ya polepole. Nusu ya wagonjwa wako wangepona kwa brashi na dakika moja ndani ya BIOS.

FUNDI: Nusu sijui. Lakini wapo, na huwa nawaambia.

(Hapa Fundi anastahili alama. Kwenye baadhi ya meza za ufundi, brashi hukumbukwa baada ya prosesa kulipiwa.)

MUUZAJI: Brashi haitaleta gemu za kesho. Tazameni konsoli, maana gemu kubwa hutengenezwa kwa kuzitazama hizo. PlayStation 4 ya 2013 ilikuwa na viini dhaifu vya gigahezi 1.6, ndiyo maana kwa miaka mingi prosesa yoyote ya mezani ilitosha. PlayStation 5 ya Novemba 2020 ina viini vinane vya Zen 2 vinavyofika gigahezi 3.5. Studio nyingi zimeshaacha kutengeneza matoleo ya PS4. Ryzen 5 1600 iko chini ya kiwango cha konsoli yenyewe, kwa idadi ya viini na kwa ustadi wa kila kiini.

MCHEZA HADITHI: Na bado iko kwenye orodha. CD Projekt Red walipoandaa Phantom Liberty mwaka 2023 walipandisha mahitaji ya Cyberpunk 2077, na prosesa ya AMD waliyoiandika kwenye kiwango cha chini ni hiyo hiyo, Ryzen 5 1600.

MUUZAJI: Kiwango cha chini. Kwa fremu 30, grafiki zimeshushwa.

MCHEZA HADITHI: Basi soma na kiwango kinachopendekezwa uone vituko: Ryzen 7 7800X3D pamoja na RTX 2060 Super. Prosesa ya kifalme na kadi ya wastani ya 2019. Huo "ulinganifu" mnaouhubiri uko wapi? Watengenezaji wenyewe hawaujui.

FUNDI: Umenisaidia, ndugu yangu, hata kama hukukusudia. RTX 3060 inakwenda bega kwa bega na hiyo 2060 Super. Maana yake kadi ya mashine hii imeshafika kiwango wanachokipendekeza, na prosesa imebaki kwenye ngazi ya mwisho ya chini. Ulipotaka nitaje gemu, hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni Dragon's Dogma 2 ya Machi 2024. Ukiingia mjini fremu zinaanguka, ukitoka porini zinarudi, na Capcom walieleza sababu: kila mhusika anayetembea sokoni anakula sehemu kubwa ya prosesa. Ya tatu ni Baldur's Gate 3 ukifika sehemu yake ya tatu, ndani ya jiji. Zote ni gemu za hadithi, na hakuna anayeshindana na mtu.

MCHEZA HADITHI: Baldur's Gate ni gemu ya zamu. Fremu 40 hazimuui mtu anayesubiri zamu yake.

MCHEZA MASHINDANO: Ila sasa umehama kutoka "haina tatizo" hadi "tatizo linavumilika."

MCHEZA HADITHI: Nimehama, na pesa zangu zimebaki mfukoni. Kuvumilia ni haki yangu.

MUUZAJI: Kama ni kununua, basi asinunue 5600. Kuna Ryzen 7 5800X3D, soketi hiyo hiyo, viini vinane, megabaiti 96 za akiba. Gemu inayobanwa na prosesa inapenda akiba kubwa kuliko chochote.

FUNDI: Ni prosesa nzuri kuliko zote zilizowahi kukaa kwenye AM4 kwa gemu, hilo halina ubishi. Ilitoka kwa dola 449, ni ya wati 105, na haiji na feni, wakati 5600 ya boksi inakuja nayo. Mpe mtu mwenye kadi kubwa. Kwa RTX 3060 kwenye 1080p, 5600 itakuwa imeshaisukuma kadi hadi mwisho wake katika gemu nyingi. Ukizidisha hapo unamrudisha mteja alikotoka. Safari hii prosesa inasubiri kadi, na mwakani utamwona tena kaunta kwako.

MUUZAJI: Na wewe hutaki kumwona tena?

FUNDI: Nataka, akiwa na mashine ya rafiki yake.

MCHEZA HADITHI: Kuna swali mnalikwepa. Aliyenunua RTX 3060 angeulizwa kwanza ana prosesa gani. Machi 2021 wapimaji wa Hardware Unboxed wa Australia walionyesha kwamba kwenye prosesa dhaifu, draiva za GeForce zinakula nguvu nyingi ya prosesa kuliko za Radeon katika gemu za DirectX 12, kiasi kwamba kadi ya bei ndogo ya AMD inaweza kuipita ya bei kubwa ya Nvidia. Januari 2025 mambo yakajirudia kwa Arc B580 ya Intel. Ilisifiwa sana ikiwa na prosesa mpya, ikawekwa na prosesa kama Ryzen 5 2600, sifa zikapungua. Kwa hiyo dawa nyingine ni kuuza RTX 3060 na kuchukua Radeon ya daraja hilo.

FUNDI: Hoja hiyo ni nzito, na wengi hawaijui. Kwa asiyenunua kadi bado, ningeitanguliza. Kwa aliyekwisha kununua, kuuza na kununua tena mtumba ni hasara mara mbili, na mwisho wa yote amebaki na prosesa ile ile.

MCHEZA MASHINDANO: Mnazungumza kana kwamba kila mtu ana AM4. Vijana wengi ninaocheza nao wana kompyuta za ofisi za mtumba, OptiPlex zenye i5 ya kizazi cha 6 au 7, viini vinne na nyuzi nne. Hao nao?

FUNDI: Hao ningewakataza. i5-7500 kwenye OptiPlex 7050 haina pa kwenda isipokuwa i7-7700, ambayo ni viini vile vile vinne ikiongezewa nyuzi, na kwa kuwa hiyo ndiyo ngazi ya mwisho ya bodi hizo, wauzaji wa mtumba wanaishikilia bei. Pawa saplai ya toleo la mnara ni wati 240, na haina umbo la kawaida ambalo utalikuta dukani. RTX 3060 peke yake inakula wati 170, na Nvidia wanapendekeza pawa saplai ya 550. Mashine kama hiyo iwekewe kadi ndogo ya wati 75, kama GTX 1650 isiyo na waya wa ziada, iishi hivyo. Akipata pesa, anunue mashine nyingine.

MUUZAJI: Hapo tuko pamoja, na nimeshapoteza mauzo kwa kulisema.

FUNDI: Nikurudie wewe wa hadithi. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Ryzen za mfululizo wa 1000 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika na Windows 11. Za 2000 nyingi zimo, na 5600 imo. Hata kama huhitaji fremu moja zaidi, prosesa yako imefungiwa mlango.

MCHEZA HADITHI: Windows 10 inafunguka kila siku, haijafa. Njia za kuingiza Windows 11 kwa lazima zipo. Na gemu za Steam nyingi zinakwenda kwenye Linux kwa msaada wa Proton.

MCHEZA MASHINDANO: Za kwako zinakwenda. Zetu zenye walinzi wa kuzuia udanganyifu mchezoni, nyingi hazikubali. Valorant kwenye Linux haifunguki kabisa, na kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot.

MCHEZA HADITHI: Basi wewe nunua. Mimi nitapiga brashi, nitawasha XMP, nitafunga fremu kwenye 60. Jiji la Baldur's Gate likinishinda, nitarudi kwa Fundi nikiwa na namba zangu za 720p mkononi.

MCHEZA MASHINDANO: Mimi nimeshapima. 1080p na 720p zinatoa fremu zile zile. Nachukua 5600.

FUNDI: Kabla hujalipa, nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa bodi yako, modeli hiyo hiyo na toleo hilo hilo, uone kama 5600 imeorodheshwa na ni kuanzia BIOS gani. AMD waliruhusu bodi za mfululizo wa 300 zipokee prosesa za Zen 3 mwaka 2022 baada ya kukataa kwa muda mrefu, na si kila bodi ililetewa BIOS hiyo. Bodi nyingi za zamani zina chipu ya BIOS ya megabaiti 16, kwa hiyo ili kupata nafasi baadhi ya matoleo mapya yalifuta prosesa za nyuma. Kusasisha kunafanywa Ryzen 5 1600 ikiwa bado imekaa kwenye soketi, kwa sababu ukitangulia kuweka 5600 mashine haitawaka. Na tafadhali, unganisha kompyuta kwenye UPS kwanza, hata kama ni ya kuazima kwa saa moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiwake tena, na ndipo utakaponunua vyote vitatu alivyotaka kukuuzia Muuzaji.